Alipigania uhuru asiokuwa nao

Neno: Yeremia 34:8–17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1775, wanamgambo wapatao 77 walijipanga uwanjani Lexington, Massachusetts, kando ya nyumba yao ya ibada. Askari wa Uingereza walikuwa njiani kwenda Concord kuteketeza silaha walizosikia zimefichwa huko. Nani alifyatua risasi ya kwanza, hakuna ajuaye hadi leo. Wanane wa upande wa wenyeji walikufa, wengi wao washirika wa Mchungaji Jonas Clarke, aliyekuwa ameitetea haki yao kwa miaka. Ndivyo vilivyoanza vita vya makoloni 13 ya Uingereza, ambayo leo ni Marekani, kudai uhuru.

Katika majeruhi wa asubuhi ile yumo Prince Estabrook, mtu mweusi, mtumwa wa Benjamin Estabrook. Hata jina lake la pili ni la bwana wake. Alipigwa risasi begani, akapona, akarudi kupigana. Nimekaa na jina hili wiki nzima. Alisimama mstari mmoja na watu waliosema hawatakubali kufanywa watumwa wa mfalme, na jioni ile bado alikuwa mali ya mtu.

Sasa someni Yeremia. Babeli imeuzingira Yerusalemu. Mfalme Sedekia na wakuu wanaweka agano hekaluni, kila mtu amwache huru mtumwa wake Mwebrania. Wanatii. Kisha jeshi la Babeli linaondoka kwa muda, hofu inapungua, nao wanawarudisha watu wale wale utumwani. Mungu hasemi kwamba wamewakosea watumwa tu. Anasema wamelitia unajisi jina lake! Tukiwa kwenye dhiki tunaahidi mengi sana, na nadhani Mungu hutupima zaidi siku adui anapoondoka mlangoni.

Prince alipata uhuru wake baada ya kutumika vitani. Mahakama za Massachusetts ziliuvunja msingi wa utumwa mwaka 1783. Lakini kwa taifa zima la Marekani utumwa ulikomeshwa 1865, miaka 90 baada ya Lexington, na baada ya vita vingine, vya wenyewe kwa wenyewe, vya damu nyingi kuliko vile vya kwanza.

Wapendwa, wengi wetu tunaomba Mungu atufungue: madeni, kesi, mabosi wagumu. Tuombe, tusichoke. Ila dada anayelea watoto wetu tukiwa kwenye mkesha, mshahara wake wa mwezi uliopita ameupata? Jumapili naye anakwenda ibada, au anabaki na ufunguo wa geti? Kumbukumbu la Torati 15:13 inakataza hata kumwacha aende zake mikono mitupu.

Tuombe: Ee Bwana, uliyesikia kilio cha Waisraeli Misri, utuonyeshe nani analia ndani ya nyumba zetu. Utupe ujasiri wa kumlipa, kumpumzisha na kumwomba msamaha wiki hii hii. Katika jina la Yesu. Amina.