Vifaranga wamehamia nje

Jana magharibi nimewatoa vifaranga wangu 23 kwenye boksi la joto, nikawapeleka banda la uani. Wana wiki 6, manyoya yamejaa hadi shingoni. Kwa joto hili letu la Malindi, taa nilishaizima mchana tangu wiki ya 3, nikawa naiwasha usiku tu.

Nikadhani watafurahi. Wapi! Wote pembe moja, wamepandana kama dagaa kwenye ungo, wa chini wanalia kwa kubanwa. Nimekaa na tochi hadi saa nne, nawatawanya, wanarudi palepale. Mwisho nikaziba ile pembe kwa gunia la pumba ikawa mviringo, ndipo wakatulia. (Mbu nao wamenila haki yangu.)

Asubuhi kunguru wamejipanga juu ya makuti, wanachungulia kama walioalikwa. Wavu wa juu nimeufunga mwenyewe, tundu ndogondogo, maana mwaka jana walininyakulia wanne mchana kweupe. Bibi wa jirani aniambia nitundike kunguru aliyekufa mlangoni. Nimpate wapi, nao wajanja kunishinda?

Sasa hivi kijogoo kimoja kimejaribu kuwika. Sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta.