Nilivyojifunza kuipandisha boti kwenye trela, mwaloni Luchelele

Boti yetu ni ya faiba, futi 21, kazi yake kupeleka chakula cha samaki kwenye vizimba vya sato. Kila baada ya miezi kadhaa lazima itoke majini isuguliwe tumbo na kuzibwa nyufa, na fundi ninayemwamini yuko mjini. Kuishusha majini ni dakika tano. Kuipandisha kwenye trela kulinitesa karibu mwaka mzima.

Mwalo tunaoutumia, yaani mahali boti zinapoegesha ufukweni, uko Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na una mteremko wa zege, mkali na mwembamba, umebanwa na mawe huku na huku. Mvua za 2020, na tena za 2024, zilijaza ziwa hadi likapita rekodi ya 1964, na sehemu kubwa ya zege ikamezwa. Maji yakishuka yanaacha utelezi wa kijani ambao tairi haliushiki. Tena pale zege linapoishia kuna shimo. Watu wengi hupandisha boti kwa kukanyaga mafuta ili injini iisukume juu ya trela, na propela inafukua mchanga ulioko nyuma. Nami nilikuwa nikifanya hivyohivyo.

Nilikuwa na alama yangu, doa la rangi kwenye jiwe la kushoto. Tairi la nyuma la Hilux likifika hapo, nasimama. Siku hiyo maji yalikuwa yamepungua, nikafika kwenye alama trela bado liko juu. Nikaendelea kurudi nyuma. Gurudumu moja likadondoka nje ya zege, trela likalala upande huku boti imeshafungwa mkanda. Vijana wa dagaa wanane walinyanyua, tukatoka. Ekseli ilipinda. Kijana mmoja alikuwa amesimama nyuma kabisa ya boti, na mpaka leo nikikumbuka pale alipokuwa ameweka mguu napata baridi.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alinisubiri nitulie. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, jiwe halisogei, ziwa linasogea. Alama iweke kwenye trela."

Nikafunga bomba mbili za plastiki nyuma ya trela, zimesimama wima, moja kila upande, na kila moja nikaizungushia utepe mwekundu. Nilijaribu mara nne kabla ya kupata mahali pake. Kwenye mteremko wetu utepe unagusa maji pale tu matairi ya trela yanapofunikwa, basi. Zamani nilizamisha zaidi nikidhani narahisisha kazi, kumbe kwenye mteremko mkali ndivyo unavyoharibu. Tezi, yaani nyuma ya boti, linaelea juu, omo, yaani mbele yake, linafika kwenye roli ya mbele ya trela, unafurahi unafunga. Ukivuta gari, tezi linashuka, na ukishatoka unakuta omo limebaki nyuma ya roli kwa shubiri nzima. Trela likiwa juu kidogo, boti inakaa kwenye mbao za trela tangu mwanzo, na mita ya mwisho unaimaliza kwa winchi, mashine ya mkono ya kuvutia boti. Inachosha mkono, lakini inakaa.

Sasa kabla ya kurudi nyuma napima mwisho wa zege kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Pale penye utelezi tunasugua kwa fagio la chelewa na mchanga, njia mbili tu za matairi. Nikiwa nimetoka mjini nasubiri beringi za magurudumu ya trela zipoe kwanza, kwa sababu zikiwa za moto zikaingia kwenye maji baridi zinanyonya maji kupitia sili, mpira wa kuzuia maji. Plagi ya taa za trela naichomoa.

Halafu kuna upepo. Alasiri unavuma kutoka ziwani, na kwetu unakuja kwa pembeni, unasukuma tezi kuelekea kwenye mawe. Nimeacha kabisa kupakia saa hizo. Tunapakia saa moja asubuhi, injini imezimwa na kuinuliwa, watu wawili wameshika kamba, mmoja ya omo, mwingine ya tezi, huyu wa tezi akiwa upande upepo unakotoka. Boti inakuja taratibu kati ya zile bomba mbili kama ng'ombe anayejua zizi lake. Anayeingia majini anavaa buti ndefu, maana kichocho kipo kando ya ziwa hili. Winchi inapovutwa, hakuna anayesimama nyuma ya boti, hata awe na haraka gani.

Wiki iliyopita tulipakia watatu tu. Nilifunga mnyororo, nikaweka gia ya chini, nikapanda polepole mpaka penye tambarare. Nikashuka, nikajaribu kupitisha kidole kati ya omo na roli. Hakikupita. Nikaenda nyuma nikachomoa kizibo, maji yaliyokuwa ndani yakaanza kutiririka kwenye zege.