Mzee wa kisimani kaniita kwa jina

Jamani, nimetoka kucheza sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Mnaonijua mnajua nacheza Neverwinter Nights, ule mchezo wa kompyuta wa mwaka 2002. Umezeeka, ndiyo, lakini mwendesha mchezo, yaani mtu halisi anayeongoza hadithi, anaweza kuingia kwenye seva (kompyuta inayotukutanisha wachezaji mtandaoni), akamchukua kiumbe yeyote aliyepo, akatembea na kuongea kama yeye. Hicho ndicho kinachonifunga humo.

Kwenye mji wetu humo mchezoni kuna mzee anakaa kisimani. Miezi minne nampita. Ukimbonyeza, anatoa sentensi ileile moja.

Leo nimepita mbio, nawahi wenzangu vitani.

Mzee akageuka.

Polepole. Maneno yakatokea juu ya kichwa chake, likianza jina la mhusika wangu: "Binti, uliniwekea mkate siku ile ya mvua. Usipite darajani."

Ule mkate niliuweka kweli! Wiki tatu zilizopita, niko peke yangu, nikijua hakuna anayeona. Kumbe kuna mtu aliona, akakaa nalo moyoni, leo akalijengea tukio zima.

Vita vyenyewe vilikuwa vikubwa, dragoni na kila kitu. Sawa. Ila kwenye matukio ya hivyo wengi tunasimama nyuma tunapigapiga tu, na wasemaji ni walewale watatu. Mimi leo nimetafutwa.

Bado nauona ule uso ukigeuka.

Nyie mnaocheza, hata kwenye seva za GTA (mchezo wa Grand Theft Auto): mwendesha mchezo alishawahi kukukumbuka hivi? Nisimulieni, silali leo.