Siku moja maishani mwangu: RAM iliyosingiziwa

Saa 12:40 asubuhi. Natoka Mikanjuni kwa baiskeli, kama walivyo watu wengi wa Tanga, na njia nzima mpaka kibandani kwangu Barabara ya 12, Ngamiani, ninakotengeneza kompyuta na simu, nawaza kompyuta moja tu. Ni mpya. Mwenyewe, kijana anayepiga na kuhariri video za harusi kule Chumbageni, aliiunganisha kwa mikono yake kwa vifaa alivyoagiza Kariakoo: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 12, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) yenye sloti nne za RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na vipande viwili vya RAM aina ya DDR4 vya GB 16 kila kimoja. Tangu iwashwe haijamaliza siku mbili bila kumwangushia skrini ya bluu, ile ambayo Windows huonyesha inapokwama.

Linalonikera zaidi ni kwamba wiki iliyopita nilikwisha kutoa hukumu. Skrini ya kwanza iliandika MEMORY_MANAGEMENT, nami nikaipima kompyuta kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM, nikaona mistari myekundu ya makosa, nikamwambia kijana airudishe RAM kwa muuzaji. Muuzaji alishikilia kwamba mali yake ni nzima, lakini kwa kuwa nilizungumza naye kwa simu kwa sauti ya mtu anayejua, alinyamaza, akabadilisha. Vipande vipya vilifika juzi kwa basi. Jana saa 9 alasiri skrini ya bluu ilirudi.

Saa 1:20. Nafungua kibanda na kabla ya kufagia naiendea ile kompyuta, ambayo niliiacha ikijipima usiku kucha. Nilikuwa nimerudisha mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, kama ilivyotoka kiwandani na kuzima XMP, ule mpangilio unaoipandisha RAM kasi na mara nyingi kuiongezea umeme, kutoka volti 1.2 hadi 1.35, kwa sababu mashine nyingi zinazoyumba hutulia mara tu RAM inaporudishwa kwenye kasi yake ya kawaida. Hii ilikuwa ikienda kwa 2666 badala ya 3200 iliyoandikwa kwenye kibandiko, na bado, baada ya mizunguko sita, makosa ni 212. Powasaplai tulikwisha kuibadilisha Jumatatu bila faida yoyote.

Saa 2:10. Kijana anafika na fundo la chapati na mbaazi za nazi, jambo linalonitia haya zaidi.

"Shikamoo, fundi. Ina maana na hizi nazo mbovu?"

"Marahaba. Ina maana huenda mimi ndiye niliyekosea. Kaa kwanza."

Anauliza kwa nini basi kila siku kompyuta inataja ugonjwa mwingine: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa kivinjari kinajifunga chenyewe. Namweleza kwamba RAM ni kama meza ya ofisi ambayo kila programu huweka karatasi zake kwa muda, na pakiwa na sehemu moja inayofuta herufi, atakayelalamika ni yule ambaye karatasi yake iliangukia hapo siku hiyo. Tofauti hiyo ya majina yenyewe ni dalili, kwa sababu draiva (programu inayoendesha kifaa kimoja) iliyoharibika kwa kawaida hulalamika kwa namna ileile kila mara.

Halafu namuuliza swali ambalo ilinipasa kumuuliza tangu siku ya kwanza: zile kadi za kamera umekwisha kuzifuta? Kompyuta yenye hitilafu ya RAM hainakili faili kwa uaminifu, na haisemi lolote inapoharibu. Kwa bahati kadi za harusi mbili bado anazo. Tunatumia kompyuta yangu kuzipitisha faili za kadi na nakala zake kwenye amri ya certutil, inayotoa alama ya utambulisho ya kila faili, na kati ya faili 38, mbili zina alama tofauti na za asili yake. Moja ni ya bibi harusi akiingia ukumbini. Kijana anaitazama kadi mkononi mwake kama mtu aliyetaka kuitupa jana.

Saa 2:50. Sasa naanza upya, kipande kimoja katika sloti moja kwa wakati, kazi ambayo wiki iliyopita niliiruka kwa uvivu nikiuita uzoefu. Kipande cha kwanza naweka sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ile ambayo mazabodi nyingi huiita A2, na baada ya dakika 50 mzunguko unakwisha bila kosa hata moja. Cha pili katika sloti hiyohiyo nacho ni safi. Katikati ya kungoja nabadilisha kioo cha simu na kumtolea mama mmoja karatasi iliyokwama kwenye printa.

Saa 4:40. Kipande cha kwanza nakihamishia B2, sloti ya nne. Dakika ya tisa, mstari mwekundu. Nakitoa, naweka cha pili: dakika ya kumi na mbili, mstari mwekundu. Vipande vyote viwili ni vizima upande huu na vyote viwili ni vibovu upande ule, na hakuna RAM duniani yenye tabia hiyo.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana jibu lilikuwa limeandikwa mbele yangu tangu wiki iliyopita na mimi nilihesabu makosa bila kuyasoma. Memtest86+ huonyesha safu ya kilichotarajiwa na safu ya kilichopatikana. Palipotarajiwa ffffffffffffffff palisomeka fffffffffbffffff, na palipotarajiwa sifuri tupu palisomeka 4 mahali palepale, tarakimu ya saba kutoka kulia. Anayejua hesabu za namba za msingi wa 16 ataona kwamba kutoka f kwenda b, na kutoka 0 kwenda 4, ni biti moja ileile, yaani 0 au 1 moja ndani ya data, imegeuka. Anwani zilibadilika kila mara lakini biti haikubadilika, hata nilipobadilisha kipande. Kila chaneli ya DDR4, yaani njia kati ya RAM na prosesa, ina nyaya 64 za data, na waya mmoja kati ya hizo ulikuwa unashika na kuachia.

Saa 5:30. Najaribu B1, jirani ya B2, na biti ni ileile. Sloti hizo mbili zinatumia nyaya zilezile kuelekea kwenye prosesa, kwa hiyo siwezi tena kuilaumu sloti. Kilichobaki ni prosesa, ambayo ndiyo yenye kidhibiti cha RAM ndani yake, au pale inapokutana na mazabodi.

Saa 6:30. Adhuhuri, halafu wali kwa samaki, halafu namrudia mgonjwa.

Saa 7:45. Nazima, nachomoa waya wa umeme, nalegeza kipoza joto na kuinua prosesa. Katika soketi ya LGA 1700 pini ziko upande wa mazabodi, nazo ni 1,700, nyembamba na zimelala upande mmoja kama mpunga uliopitiwa na upepo wa kusi. Natazama kwa lenzi na tochi nikitafuta iliyopinda, safu kwa safu, na sioni kitu. Mwanafunzi wangu, binti mwenye macho ambayo mimi niliyaaga zamani, anaomba lenzi.

"Mwalimu, hii si pini. Ni uzi."

Kweli ni uzi, mfupi kuliko kope, wa rangi ya chungwa, umelala juu ya pini mbili, na pembeni yake kuna doa kavu la ile pasta ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto. Kijana anauona na kuinamisha kichwa. Anasema siku ya kuunganisha vidole vyake vilikuwa na pasta, akaigusa prosesa kwa chini, akaipangusa kwa kipande cha kanga ya mama yake. Simlaumu, aliona uchafu, akaufuta. Tatizo ni kwamba kanga huacha nyuzi.

Tunautoa uzi kwa kibano bila kugusa pini. Doa la chini ya prosesa nalifuta kwa spiriti na kichujio cha kahawa, ambacho hakitoi vumbi, na soketi natonesha spiriti kidogo tu na kuiacha ikauke chini ya feni, kwa kuwa kusugua pini ni kutafuta balaa la pili.

Saa 8:50. Pasta mpya, kipoza joto nakikaza kwa pembe zinazokabiliana ili kisielemee upande mmoja, RAM zote mbili katika A2 na B2.

Saa 10:45 jioni. Mzunguko kamili wa GB 32, makosa sifuri. Nawasha XMP, naanza mwingine kwa 3200.

Saa 12:35. Sifuri tena. Nitaiacha ijipime usiku kucha, na kijana anaondoka akijua kwamba kesho ataweka Windows upya na kunakili kila kitu kutoka kwenye kadi, hata faili zilizoonekana nzima.

Saa 1:10 usiku. Nampigia simu muuzaji wa Kariakoo. Namwambia jina langu, naye anakumbuka upesi kuliko nilivyotaka. Namsimulia uzi, soketi, na biti moja, na kwamba RAM yake ya kwanza haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu.

Anakaa kimya kidogo. "Shekhe, ile RAM iko juu ya kabati hapa. Nimeiandika 'mbovu' kwa maka peni."

Namwambia maka peni inatoka kwa spiriti.

"Nitakuletea wewe uifute," anasema, na nyuma yake nasikia watu wakicheka.