Unalipikia chapati?

Tangu Jumapili silali vizuri, na sababu ni maneno ya Shangazi.

Nilikuwa jikoni nakaanga chapati za maji, zile nyembamba za huku, nazinyunyizia sukari na kuzikunja. Tarehe 25 Januari jua hurudi kugusa mtaa wa Sólgata hapa Ísafjörður, Iceland, baada ya milima kulificha kwa miezi kama 2, na watu hunywa kahawa ya jua. Shangazi akapiga kwa video kutoka Korogwe. Nikamwonesha sahani. Akacheka, kisha uso ukabadilika.

"Mwanangu, sisi huku jua tunalikimbia. Wewe unalipikia chapati?"

"Shangazi, hulijui giza la huku."

"Giza nalijua. Upagani ndio siujui."

Barabara ya Súðavík imefungwa mara 2 wiki hii kwa hofu ya maporomoko ya theluji, na kiwandani nimepewa kusimamia zamu ya usiku. Lakini ninachosikia nikipanga minofu ya samaki ni hilo tu: upagani ndio siujui. Wala hakupaza sauti. Angefoka, ningejua pa kuanzia.

Kila siku namjibu kichwani. Juzi nilimwambia chama chetu cha Ásatrú, dini ya miungu ya kale ya huku, kinatambuliwa na serikali tangu 1973. Jana nikamweleza kwamba jua letu, Sól, ni mwanamke, na mbwa mwitu anamkimbiza angani bila kuchoka. Akichungulia mlimani, utaachaje kumwandalia chochote?

Leo asubuhi, nasubiri maji yachemke, nikaukumbuka mkuyu. Nina miaka 7, mvua imegoma, Shangazi kanishika mkono. Anamimina togwa kwenye mizizi, polepole, huku akinong'ona majina ya wazee. Povu lilikaa juu ya udongo mkavu kidogo, kisha likazama. Siku ya blót yangu ya kwanza, yaani ibada yetu ya sadaka, nilipoinamisha pembe nikamwaga wanzuki wa huku ardhini, mkono ulikuwa unaijua kazi.

Hasira ikaniisha palepale. Nataka kumpigia aniambie yale majina, maana nimebaki na moja tu.

Kalenda ya kale ya huku haina majira ya kuchipua. Ni baridi, halafu kiangazi, kinachoanza Alhamisi kati ya tarehe 19 na 25 Aprili. Nahesabu wiki. Mawingu hayajaondoka, jua lenyewe bado sijaliona.

Na kitinda mimba wangu anakohoa tena usiku, kikohozi kikavu. Nafasi ya daktari ni Jumanne.