Maswali niliyochelewa kuuliza

Ndugu zangu wa Tanga, mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani anisikilize. Mama mkubwa aliruhusiwa kurudi kwetu Ngamiani, tukaambiwa kilichobaki ni tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu, si ya kuponya ugonjwa. Kundi la kwanza la watoa huduma hiyo walikuja nyumbani mara mbili tu, wakaacha panadol. Simu ya usiku haikupokelewa. Mama analia mpaka adhana ya alfajiri, na mimi nimekaa pembeni sina la kufanya. Iliniuma sana.

Kundi lililofuata, muuguzi wao alivua viatu, akaketi mkekani, akamuuliza mwenyewe, si sisi: "Mama, maumivu ni vidole vingapi?" Ngumi maana yake hakuna, vidole 5 hayavumiliki. Mama akanyoosha vyote. Daktari wao akamwandikia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa 4 bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo. Wale wa kwanza hata kuitaja mofini hawakuitaja!

Waulizeni watoa huduma mapema: mofini ipo? Usiku nani anapokea simu? Nani atatufundisha kumgeuza asipate vidonda?

Jana mama kanywa uji, kisha akaomba asomewe Yasini.