Jina lililomezwa na radi

Mama alifariki mwaka 1993, mimi nikiwa na miaka 9. Arobaini ilipopita, baba alizikunja khanga zake moja moja, akazipanga kwenye sanduku la bati, akatia kufuli. Tangu siku ile jina la mama halikutajwa tena nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Ikimlazimu kumtaja, baba alisema "marehemu", basi. Shangazi naye akawa anasema marehemu. Na sisi watoto tukazoea, hadi nikawa naogopa hata kulitamka nikiwa peke yangu msalani.

Mwaka uliofuata jirani yetu mmoja alirudi kutoka Maskati na televisheni, deki na kanda kama kumi za video. Moja haikuwa na kasha wala jina. Sisi tuliiita Sinema ya Joka Jeupe, kwa sababu ndani yake mlikuwa na joka refu lenye magamba yanayong'aa kama lulu, uso wake uso wa mbwa mpole, linaruka angani bila mabawa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba ile ni The NeverEnding Story, filamu ya Wolfgang Petersen ya mwaka 1984, iliyotengenezwa sehemu kubwa kwenye studio za Bavaria kule Munich, na kwamba ilitolewa kwenye kitabu cha Mjerumani mwenzake, Michael Ende, cha mwaka 1979.

Kwa asiyeijua: mtoto anayeitwa Bastian amefiwa na mama yake. Wenzake wanamwonea njiani. Anakimbilia duka la vitabu, anachukua kitabu kimoja, anakwenda kujificha darini kwenye jengo la shule na kuanza kusoma. Ndani ya kitabu mna nchi inayomezwa na Ombwe, kila linapopita hapabaki hata shimo. Malkia wa nchi hiyo, ambaye ni mtoto wa kike, anaumwa, na kijana mwindaji aitwaye Atreyu anatumwa kumtafutia dawa. Dawa yenyewe ni jina jipya, na wa kumpa ni mtoto wa binadamu tu, yaani yule yule anayesoma.

Sasa, kanda yetu. Filamu ilipofika pale Malkia analia na kumwomba Bastian amwite jina, mnara unatikisika, Bastian anakimbilia dirishani kwenye tufani, deki ikaitafuna kanda. Mwenye nyumba aliivuta kwa vidole taratibu, utepe umejikunja kama utumbo wa kuku. Akakata kipande kilichoharibika, akaunganisha kwa selotepu. Kuanzia siku ile kila tulipoitazama, Bastian alifungua dirisha, picha ikacheza mistari myeupe, kisha ghafla yuko juu ya joka anawafukuza wale waonevu vichochoroni. Jina hatukulisikia. Wenzangu hawakujali, walitaka joka. Mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza yule mtoto aliita jina gani, nikalala nalo swali hilo, na sikumuuliza mtu.

Mwezi uliopita niliitafuta nikaipata, nikakaa na binti yangu sebuleni hapa Dar es Salaam kuitazama. Ana miaka 8. Amepewa jina la bibi yake, yaani mama yangu. Na kama ilivyo desturi kwetu, mtoto akibeba jina la mzazi wako huwezi kumwita hivi hivi ukamfokea, "We fulani, njoo hapa!" Mimi namwita Mama. Mke wangu anamwita Mama. Baba, akija kutoka Tanga, anamwita Bibi.

Tulianza vizuri. Kuna onyesho la mwanzo ambalo utotoni lilinipita kabisa. Asubuhi, jikoni. Baba yake Bastian anapasua yai bichi, analitia kwenye blenda pamoja na juisi ya machungwa, anakunywa akiwa amesimama. Mtoto anamwambia amemwota mama. Baba anasema anaelewa, kisha maneno yanageuka kuwa ya shule, hesabu, na kuacha kuota ota mchana. Si mtu mbaya. Hapandishi sauti. Ila ile blenda inanguruma katikati ya watu wawili waliofiwa na mtu mmoja, na kila mmoja amefiwa kivyake. Nilimwona baba yangu pale pale. Yeye alikuwa fundi redio. Jioni alikaa na redio za watu zilizofunguliwa matumbo, akizijaribu moja baada ya nyingine mpaka usiku mkubwa, na nyumba nzima ikajaa sauti za watu tusiowajua.

Halafu farasi. Kila aliyeitazama filamu hii utotoni atakwambia habari ya farasi. Atreyu anavuka Kinamasi cha Huzuni na farasi wake Artax, na sheria ya pale ni kwamba anayelemewa na huzuni anazama. Farasi anasimama. Tope linafika kifuani, shingoni. Atreyu anavuta hatamu, anambembeleza, anamfokea, analia. Picha inayofuata, Atreyu yuko peke yake. Binti yangu aliniambia, "Baba, si amtoe!" Kitabuni Artax anaweza kusema, na anamwomba rafiki yake aondoke ili asimwone akifa. Nashukuru filamu ilimnyima sauti. Mnyama aliyenyamaza, anatazama tu, anatosha.

Na lipo jitu la mawe linalokaa likiitazama mikono yake. Lilikuwa limewashika marafiki zake wadogo, Ombwe likawavuta, likashindwa kuwazuia. Linaigeuza mikono, linasema inaonekana mikubwa na yenye nguvu. Utotoni nililicheka lile jitu. Safari hii nilisimamisha picha kidogo, nikajifanya natafuta maji ya kunywa.

Ende mwenyewe aliichukia filamu hii. Alikwenda mahakamani akashindwa, na jina lake likaondolewa kwenye maandishi ya mwanzo. Filamu inayohusu kumpa mtu jina, na aliyeitunga hadithi akataka lake litoke! Nilikisoma kitabu nikiwa mtu mzima, tafsiri ya Kiingereza ya Ralph Manheim niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba Posta, na naielewa hasira yake. Kina sura 26, kila moja inaanza na herufi yake, A mpaka Z, na filamu inaishia katikati. Inatuachia furaha ya kuomba matakwa. Kitabuni kila takwa linamgharimu Bastian kumbukumbu moja, mpaka anamsahau mama, anamsahau baba, na mwisho linamtoka jina lake mwenyewe. Kabla ya hapo anachimba kwenye mgodi wa picha, siku nyingi gizani, apate picha moja ya kumrudisha kwao. Anayoipata ni ya mwanamume aliyevaa koti jeupe, fundi wa meno ya bandia, ameganda ndani ya pande la barafu. Hamtambui, lakini anatamani kumfikia. Ni baba yake. Sijasoma maneno yaliyomweleza baba yangu vizuri kuliko hayo.

Lakini kwenye jambo moja nasimama na filamu dhidi ya mwandishi. Kitabuni jina la Malkia, Mtoto wa Mwezi, linamjia Bastian lenyewe tu. Petersen akalifanya kuwa jina la mama yake. Mapema kidogo mtoto anasema mama alikuwa na jina zuri sana, halafu anakwenda dirishani kulipigia kelele. Badiliko hilo moja ndilo lililonifanya niitafute filamu hii kwa miaka 30.

Tukafika. Malkia analia. Bastian anasukuma dirisha, upepo unampiga usoni, nywele zimelowa, anapaaza sauti. Na radi ikaimeza. Husikii! Kanda nzima, haijatafunwa, na bado jina halisikiki vizuri. Tulirudisha nyuma mara tatu, binti yangu ameweka sikio karibu na spika.

"Kasema nini?"

"Jina la mama yake. Amelitoa akampa yule Malkia mdogo, apone."

Akafikiri kidogo. "Kama mimi na la bibi."

"Ndiyo, kama wewe."

"Lakini wewe huniiti."

Nilitaka kumweleza habari ya adabu na desturi, maneno yote ninayoyajua. Kwenye skrini kulikuwa giza, na Malkia ameshika punje moja ya mchanga inayong'aa, ndiyo yote iliyobaki katika nchi yake. Nikamwita. Jina lote, herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa sauti, kama mtu anayeita kutoka barazani.

"Abee, baba," akaitika.